Kinga ya kwanza: baiskeli ilivyofika Kasongo na Kabambare, na namna ya kuichagua leo

Siku ya soko mjini Kasongo, karibu na wauza mchele na mawese, mafundi hukaa kivulini na kinga zimepinduliwa mbele yao, magurudumu juu. Hapo ndipo jamaa zilizokimbia vita huja kuuliza bei. Baba au mama amefika kutoka upande wa Salamabila, au kutoka Fizi, na vijana wawili na feza kidogo. Ameuza mbuzi aliyebaki, au amekopa kwa ndugu waliompokea. Anataka kinga ya kwanza, achukue mawese kijijini, ayapeleke sokoni, arudi na chumvi na sabuni. Akichagua vizuri, watoto watakula na mmoja atarudi shule. Akichagua vibaya, mtaji umekwisha njiani kabla ya mwezi kwisha, na deni liko palepale.

Watu wa huku wanasema kinga, wengine velo, na redio husema baiskeli. Msikilizaji wa Tanzania akisikia kinga atafikiri ni ulinzi, na pengine hakosei sana. Lakini kinga haikuanguka kutoka mbinguni. Ina historia ndefu kwenye barabara hii, na baadhi ya historia hiyo ni chungu. Mtu anayejua ilikotoka ataelewa kwa nini ile inayouzwa leo ina umbo lile, kwa nini mpira wa namba fulani unapatikana na mwingine haupatikani, na kwa nini fundi anashika rayo kwanza kabla ya kutazama rangi.

Barabara yenyewe ni ya zamani kuliko kinga. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaja Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe kando ya Lualaba. David Livingstone alikwama miezi kadhaa Kabambare mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Katika maandishi yake aliita mahali hapo Bambarre. Alifika Nyangwe mwaka 1871. Stanley naye alipita mwaka 1876 na kupatana na Tippu Tip, ambaye jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Mchele unaoliwa Kasongo mpaka leo, na Kiswahili kinachosemwa hapa, vilikuja na watu wa misafara hiyo.

Gari la misafara lilikuwa kichwa na bega la mtu. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kilo 16 hivi. Mpagazi alibeba frasila mbili, siku baada ya siku, na wengi wao hawakuwa wapagazi kwa hiari, walikuwa watumwa. Mwezi wa Aprili 1893 askari wa Dhanis, waliotumwa na Dola Huru ya mfalme Leopold, waliiteka Kasongo. Mji wa zamani ulibaki mahame, na ndiyo maana mahali hapo panaitwa Tongoni. Bendera ilibadilika. Mzigo ulibaki kichwani.

Wakati huohuo, mbali sana, watu wa Ulaya walikuwa wanatengeneza kitu kingine. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitengeneza gari la magurudumu mawili lisilo na pedali. Mtu alilipanda na kulisukuma kwa miguu yake chini. Pedali zilikuja Ufaransa miaka ya 1860. Mwaka 1885, kule Coventry Uingereza, ikatoka baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Kinga ya Kasongo ya leo ni mjukuu wa ile Rover, na ukiziweka pamoja hata mtoto atatambua ukoo.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, akapata hati ya mpira wenye upepo ndani. Kabla yake watu walipanda juu ya magurudumu magumu yanayotikisa mifupa. Mpira wa Dunlop ulifanya baiskeli iwe laini, na kila mtu Ulaya na Marekani akaitaka. Hapo ndipo historia ya baiskeli inagusa Kongo kwa mara ya kwanza, na kinga yenyewe ilikuwa bado haijafika. Mpira wa baiskeli, na baadaye mpira wa motokari, ulihitaji utomvu, na misitu ya Kongo ilikuwa imejaa mitambaa yenye utomvu huo. Leopold alitangaza kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ni ya dola lake, na utomvu wake pia. Vijiji vililazimishwa kuleta kiasi fulani. Waliokosa walichapwa, wake zao walishikwa rehani, wengine waliuawa, na katika sehemu nyingi mikono ilikatwa. Kelele za dunia, pamoja na chama kilichoanzishwa na E. D. Morel Uingereza mwaka 1904, zilimfanya Leopold aiachie Ubelgiji Kongo mwaka 1908.

Wapo wanaosema habari hizo ni za zamani na za misitu ya kaskazini. Lakini ni haki mtu anayejaza upepo kwenye kinga yake huko Wamaza ajue kwamba upepo huo ulilipiwa na wazee wa nchi hii kabla hata mmoja wao hajapanda baiskeli.

Chini ya Wabelgiji upagazi haukuisha. Vita vya 1914 hadi 1918 vilichukua mamia ya maelfu ya watu kubeba risasi na chakula, mpaka askari wa Kongo walipoingia Tabora Septemba 1916, na wanaume wa Maniema walikuwa kati ya waliobeba. Reli ya kampuni ya CFL, iliyoundwa 1902, iliunganisha Kindu na Kongolo kufikia mwaka 1911. Treni lilifuata upande wa magharibi wa Lualaba, likapita Kibombo na Samba, na Kasongo ikabaki ng'ambo ya mto. Kabambare ilibaki mbali zaidi. Mzigo wowote wa kwenda relini ulipaswa kutembea kwanza. Pengo hilo, kati ya kijiji na treni, ndilo kinga ilikuja kuziba.

Ilianza kama kitu cha bwana. Mzungu wa serikali na padri waliitumia badala ya kubebwa kwenye tipoyi. Baadaye wakaipata karani, mwalimu, katekista, muuguzi na monita wa kilimo. Mtu mwenye kinga alikuwa mtu mwenye mshahara. Kisha ikaja pamba. Kampuni ya Cotonco iliundwa 1920, na kilimo cha pamba kikawa kazi ya lazima katika sehemu nyingi za Maniema. Mkulima alilipwa kidogo, na asiyelima alifungwa au kuchapwa. Hata hivyo, familia iliyokusanya feza ya misimu kadhaa ilinunua kinga, na kinga ikawa alama ya nyumba iliyosimama. Katika sehemu nyingi za Kongo iliingia mpaka katika mahari, ikahesabiwa pamoja na mbuzi na nguo.

Zile za wakati huo zilikuwa za Kiingereza zaidi, Raleigh na BSA, au zilizoiga umbo lao. Umbo lenyewe halijabadilika sana mpaka leo: kadre la chuma lenye bomba la juu, magurudumu makubwa ya inchi 28, freni za vyuma vyembamba zinazoshuka kutoka giduni mpaka kwenye gurudumu, portbagaji ya chuma nyuma, uzito kama kilo 20. Waingereza waliweka rayo 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo na mtu hukaa nyuma. Hiyo hesabu, 32 na 40, ikumbukwe. Itarudi.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mwezi wa Julai 1964 waasi wa Simba, waliopanda kutoka upande wa ziwa na kupita Kabambare, walichukua Kasongo, kisha Kindu. Baada ya hapo maduka mengi hayakurudi kama zamani. Tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza uzairishaji, na biashara za wageni zikagawiwa watu ambao wengi hawakujua kuagiza bidhaa. Kinga mpya zikawa haba, na vipuri vikawa haba zaidi. Wafanyakazi wa migodi, hasa baada ya SOMINKI kuundwa mwaka 1976, walikuwa kati ya wachache walioweza kununua. Fundi wa wakati huo ndiye aliyejifunza kutengeneza kila kitu kutoka kitu kingine: shambrea iliyokufa ikawa kamba, rayo ikawa msumari, kopo likawa kiraka cha madigadi. Ufundi huo bado uko, na wengi wa mafundi wa leo waliurithi kwa baba zao.

Halafu zikaja za Asia: Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana nchini India, kiwanda kilichoanza 1956, na nyingine nyingi. Zilikuwa na bei ya chini kuliko za Kiingereza na zilitumia vipimo vilevile vya zamani, kwa hiyo gurudumu la moja liliingia katika nyingine. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jina lile lilikuwa tayari limewekwa pia kwenye baiskeli zilizotengenezwa India. Kwa hiyo muuzaji akisema, "Mama, hii ni Raleigh ya kweli, mpya, ya Uingereza," mama amjibu kwa heshima, "Asante baba, tuangalie chuma kwanza."

Vita vya Agosti 1998 ndivyo vilivyoifanya kinga kuwa lori. Kindu ilianguka Oktoba 1998. Treni lilisimama, malori yaliungua au yalikimbizwa, madaraja ya miti yalioza. Vijana wakatoka na kinga kwenda kutafuta chumvi, majuma mazima njiani, wakilala porini. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na kuna waliozitembea kwenda na kurudi mara nyingi wasizozihesabu. Hawakuipanda, waliisukuma. Fimbo ndefu ilifungwa kwenye giduni upande wa kushoto ili mtu aiongoze akitembea kando, na nyingine ilisimamishwa nyuma ya tandiko kuwa mkono wa kusukumia.

Namna hiyo haikubuniwa hapa peke yake. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, Wavietnamu walipeleka chakula na risasi milimani kwa maelfu ya baiskeli zilizosukumwa hivyohivyo, na fimbo hizohizo. Hakuna aliyekwenda kumfundisha mwenzake. Mzigo na njia mbaya vilifundisha pande zote mbili jambo moja.

Basi mtu anayenunua kinga yake ya kwanza leo aanze na swali ambalo wengi wanalisahau: ni ya kupanda au ya kusukuma? Mwalimu anayekwenda shule kila asubuhi na mfanyabiashara wa mawese hawahitaji kinga moja. Bido moja la lita 20 lililojaa mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Mabido sita ni kilo 108. Hakuna kinga ya mtoto wala ya michezo itakayobeba hiyo siku mbili. Kwa mzigo wa namna hiyo, ile nzito ya inchi 28, yenye bomba la juu, ndiyo inayofaa. Nyingine zina mabomba mawili ya juu, na hizo ni bora zaidi. Ile isiyo na bomba la juu, ambayo watu huita ya kike, ni rahisi kupanda ukivaa kikwembe na mtoto akiwa nyuma, na kwa kwenda kliniki au shambani ni nzuri. Kwa mabido sita itapinda katikati.

Vijana wengi siku hizi wanataka ile nyembamba ya mashindano. Sababu inaeleweka. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na picha zake ziko kwenye kila simu. Baiskeli ile ni nyepesi, chini ya nusu ya uzito wa Phoenix, na mpira wake una upana wa vidole viwili hivi. Kwenye lami inaruka kama ndege. Kati ya Kasongo na Kabambare hakuna lami. Kuna udongo mwekundu, mchanga, mawe na mashimo ya malori, na mvua ikinyesha mpira mwembamba unazama kama kisu kwenye ugali. Tena ukipasuka, mwingine hauko sokoni.

Hapo ndipo namba inapoingia, na hapo ndipo watu wanapoteza feza zao. Kila mpira umeandikwa namba pembeni. Kinga za kazi za huku ni 28 x 1½. Baadhi ya baiskeli zilizotumika Ulaya zinazokuja kwenye makontena zimeandikwa 28 x 1⅝, au 700, na mnunuzi huona 28 akafurahi. Si sawa. Rimu ya ile ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635, ya pili 622. Tofauti ni milimita 13 tu, upana wa kidole, lakini mpira wa moja hautakaa kwenye nyingine hata fundi akiupiga nyundo. Baiskeli za milimani za inchi 26 nazo zina mpira wao, na vijijini mpira huo ni wa kubahatisha. Kabla ya kulipa, mtu asome namba, kisha azunguke sokoni akaulize kama mpira na shambrea za namba hiyo zinauzwa, na kwa wauzaji wangapi. Kama ni mmoja tu, aiache.

Baada ya namba ni chuma. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya watu waliokimbia ni zilizotumika, zikapakwa rangi mpya. Rangi mpya kwenye kinga ya zamani ni sababu ya kuangalia mara mbili. Sehemu ya kuangalia ni pale mabomba mawili yanapokutana chini ya giduni. Kama iligonga kitu, chuma hapo kitakuwa na mkunjo mdogo au rangi iliyopasuka kwa mstari. Mkono upite polepole, maana kidole huhisi kisichoonekana. Kisha mtu asimame nyuma, afunge jicho moja, aone kama gurudumu la nyuma na la mbele viko kwenye mstari mmoja. Kadre lililopinda halinyooki vizuri tena, na atakayeahidi kulinyoosha anamdanganya mnunuzi.

Halafu ile hesabu ya 32 na 40. Rayo zihesabiwe. Gurudumu la nyuma lenye rayo 36 si baya kwa mtu mmoja, lakini lenye rayo zilizokosekana mbili tatu ni hatari, kwa sababu zilizobaki hubeba kazi ya zilizokufa na zitakatika moja baada ya nyingine, mara nyingi mahali pasipo fundi. Shika mbilimbili, uzibane. Zote ziwe na ugumu unaokaribiana. Gurudumu liinuliwe na kuzungushwa. Likiyumba upande mmoja mpaka kugusa freni, rimu imepinda. Kidogo hurekebishwa, sana haifai.

Mikono ya pedali ishikwe na kutikiswa kushoto na kulia. Ikilegea, mabilya ndani yamekwisha. Hilo si kubwa, mabilya ni bei ndogo, ila litumike kushusha bei. Mnyororo uvutwe kwa kidole kutoka kwenye meno ya mbele. Ukiinuka na kuacha nusu ya jino wazi, umenyooka kwa uchovu, na pengine umeshakula meno pia. Meno yaliyochongoka kama ya papa yanahitaji kubadilishwa pamoja na mnyororo. Kuweka mnyororo mpya juu ya meno mabovu ni kutupa feza.

Freni. Wengi kwenye barabara hii hawana, wanasimamisha kwa kisigino juu ya mpira. Ni desturi mbaya. Kushuka na kilo 100 mpaka mtoni bila freni kumevunja miguu ya watu wengi, na hospitali iko mbali. Zile freni za vyuma ni nzito kufungwa, lakini fundi yeyote anazijua na hazikatiki kama waya. Wakati wa mvua zote hushika vibaya, kwa hiyo mtu apunguze mwendo mapema.

Urefu wa kinga nao huchaguliwa. Mtu asimame katikati, bomba la juu lisimguse vibaya, miguu yote miwili ikae chini. Tandiko lipandishwe mpaka kisigino kiguse pedali mguu ukiwa umenyooka. Kijana wa miaka 14 akipewa ya baba yake atapanda kwa kupitisha mguu chini ya bomba, wote wamemwona, lakini asipewe mzigo.

Jambo moja linasahaulika kuliko yote: feza isiishe kwenye kinga. Aliye na feza ya kununua kinga nzuri bila kubaki na kitu, afadhali anunue ya hali ya pili na abaki na sehemu ya nne kwa vyombo. Pampu ni ya kwanza, kwa sababu kuazima pampu porini ni kusubiri mtu asiyekuja. Gundi na vipande vya shambrea ya zamani, pamoja na kitu cha kukwaruzia. Shambrea moja nzima ya akiba. Vijiko viwili vya chuma vinatosha kutolea mpira, visiwe na ncha kali. Ufunguo wa kubana nati za magurudumu, namba 15 mara nyingi, lakini upimwe kwenye kinga yenyewe kwa sababu za zamani za Kiingereza zilikuwa na vipimo vyao. Rayo nne za akiba hufungwa kando ya kadre kwa kipande cha mpira.

Kwa mzigo, kamba zilizokatwa kutoka shambrea ni bora kuliko katani, zinavutika na hazilegei njiani. Mzito ukae chini na katikati, mabido mawili ya kwanza pembeni ya gurudumu la nyuma, mengine juu. Bashi moja ya kufunika mchele, maana mchele uliolowa haulipi deni. Kengele. Tochi, kwa ajili ya jioni inayomkuta mtu kabla ya kijiji, na kipande chochote kinachong'aa nyuma kwa sababu ya pikipiki. Viatu vilivyofungwa, si sandali, na suruali ikunjwe au ifungwe mguu wa kulia upande wa mnyororo. Kofia ngumu ya kichwa haionekani sana sokoni na ya pikipiki inachoma joto. Hata hivyo, anayebeba mtoto au mgonjwa kwenye mteremko aitafute. Kichwa hakina fundi.

Mafuta ya mnyororo: wengi wanapaka mawese kwa sababu yako karibu. Mawese yanakamata vumbi na kugeuka unga wa kusagia chuma. Afadhali oili iliyotolewa kwenye pikipiki, tone moja kwa kila kiungo, kisha kitambaa kufuta kilichozidi. Yafanyike kila juma wakati wa kiangazi, na kila baada ya mvua.

Kabla ya kulipa, kinga ijaribiwe na mzigo. Muuzaji wa kweli hatakataa. Yawekwe mabido mawili ya maji, isukumwe mpaka mwisho wa soko na kurudi. Ikilia, isikilizwe inalia wapi. Kama mnunuzi hajui, amwite fundi asiyekuwa rafiki wa muuzaji na ampe kitu kidogo kwa kazi yake. Familia zilizofika karibuni hazina fundi wanayemjua. Hapo jamaa iliyowapokea ina kazi ya kufanya, na ni msaada ambao hauna gharama.

Karatasi pia. Muuzaji aandike kwa mkono jina lake, jina la mnunuzi, tarehe, bei na namba iliyopigwa kwenye kadre, mara nyingi chini ya tandiko au karibu na pedali. Mashahidi wawili watie sahihi, na mmoja awe mtu anayejulikana na mkuu wa mtaa. Kinga zilizoporwa vijijini wakati wa mapigano huuzwa mbali na hapo, na zaidi ya mtu mmoja ameona kinga yake mikononi mwa mwingine aliyeinunua kwa haki. Bila karatasi, hakuna kati yao atakayeamini mwenzake. Kwenye bariyeri karatasi hiyo nayo husaidia, si kila mara. Wafanyabiashara wa zamani hutembea kwa kundi, wanaulizana habari za njia kabla ya kutoka, na hawapiti baada ya jua kuzama.

Pikipiki za Kichina na za Kihindi zimechukua abiria wengi na mizigo myepesi. Mtu mwenye haraka kwenda Kabambare hapandi tena kinga. Lakini pikipiki inataka petroli, na petroli inakuja kutoka mbali na bei yake hubadilika kila barabara ikifungwa. Njia ikikatika, kwa mvua au kwa risasi, kinga ndiyo inayobaki. Inabebwa begani kuvuka mto, inalazwa kwenye mtumbwi, inapita kwenye njia ya mguu. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa bado anafikishwa kituo cha afya amelazwa kwenye kitanda cha miti kilichofungwa juu ya portbagaji, wanaume wawili wakishika pande mbili.

Bei nzuri hupatikana zaidi mvua zinapoanza kuwa kali, wasafiri wanapopungua na wengine wanauza ili walipe shule. Mavuno ya mchele yakianza, kila mtu anatafuta kinga na bei hupanda. Anayeweza kusubiri, asubiri. Asiyeweza, aende mapema asubuhi, kabla ya mafundi hawajaelemewa na kazi, akiwa na fundi wake, kitambaa cha kufutia vumbi kwenye chuma, na muda wa kutosha wa kukataa ya kwanza na ya pili.